Taa Ikae Mbali na Lenzi: Kupiga Picha Chini ya Maji ya Karungu

Anayetaka kupiga picha chini ya maji huanza kwa kuuliza anunue kamera gani. Swali hilo lina maana Watamu au Kisite, ambako maji ya bahari huwa maangavu siku nyingi za kaskazi na samaki huonekana kutoka mbali. Ukilileta Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Nyatike, halikufikishi popote. Hapa kamera ya bei ya juu na kamera ya wastani zitatoa picha mbaya zilezile, zenye ukungu wa kijani na madoa meupe, iwapo mwanga utatoka mahali pasipostahili. Swali la kwanza la mpiga picha wa Karungu liwe: taa yangu itakaa wapi? Jibu liko kwenye vipande ambavyo wanunuzi wengi huviacha mpaka mwisho, au huviacha kabisa, yaani trei inayofungwa chini ya kasha la kamera na mkono unaoisogeza flashi mbali na lenzi. Havina betri wala kioo, lakini katika maji ya ziwa hili ndivyo vinavyoamua kama picha itaonekana. Mwenye fedha chache azielekeze huko kabla ya kuwaza kamera kubwa zaidi.

Tuanze na maji yenyewe. Ghuba ya Karungu ina kina kifupi, na kusini yake Mto Kuja unaingia ziwani ukiwa umebeba udongo wa vilima vya Kisii na mashamba yote ya njiani. Mvua za masika zikishika, mwambao wa Nyatike hupokea mafuriko ya mto huo na maji hubadilika kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua zikiisha, tope hutua, lakini mwani hubaki. Mbolea ya mashambani na maji machafu ya mijini vimelirutubisha ziwa zima kwa miaka mingi, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho huyafanya maji kuwa ya kijani. Wataalamu hupima uangavu kwa kuteremsha kisahani cheupe ndani ya maji hadi kipotee machoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mtafiti Worthington na wenzake walipolichunguza ziwa, kisahani kilionekana hadi mita saba au nane katika maji ya mbali na pwani. Kufikia miaka ya 1990, mahali pengi kilipotea kabla ya kufika nusu ya hapo, na katika ghuba kabla ya mita mbili. Wapiga picha wa chini ya maji wana kanuni yao: gawanya umbali unaoweza kuona kwa tano, kisha usipige kitu kilicho mbali kuliko hapo. Ukiona mita moja na nusu tu, mlengwa wako awe ndani ya sentimita thelathini. Kwa hiyo kazi ya Karungu ni ya karibu sana, na kwa kazi hiyo kamera ndogo inafaa kuliko kubwa.

Sasa fikiria kinachotokea flashi iliyojengwa ndani ya kamera inapowaka. Inakaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi na kutazama upande uleule. Kati ya lenzi na samaki kuna safu ya maji iliyojaa chembe za udongo na mwani, na kila chembe hupigwa na mwanga usoni na kuurudisha moja kwa moja kwenye lenzi. Dereva wa matatu anayepanda Kisii alfajiri analijua jambo hili: akiwasha taa kubwa kwenye ukungu, anaangaza ukungu na kuipoteza barabara. Tiba ni kuondoa mwanga mbele ya lenzi. Flashi ikisogezwa pembeni sentimita thelathini au arobaini, kisha ikageuzwa nje kidogo, ule ukingo wa mwanga wake ndio unaomgusa samaki, huku maji yaliyo mbele ya lenzi yakibaki gizani. Chembe bado zipo, idadi ileile, ila hazina mwanga wa kurudisha. Faida hiyo hainunuliwi kwa lenzi bora wala kihisi kikubwa cha picha. Huletwa na umbali, na umbali huo unashikiliwa na fimbo ya aluminiamu.

Tatizo hili la mwanga ni la zamani kama picha za chini ya maji zenyewe. Mwaka 1893, mwanabiolojia Mfaransa Louis Boutan alipopiga picha baharini huko Banyuls-sur-Mer, alilazimika kushusha taa kubwa iliyojitenga na kamera: pipa la oksijeni, juu yake taa ya spiriti, na unga wa magnesi uliopulizwa kwenye moto ili umulike. Flashi za leo zinatosha kiganjani na huwaka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, lakini jambo alilokabili Boutan ni lilelile, kwamba chombo cha kuona na chombo cha kumulika ni viwili na kila kimoja kina mahali pake.

Kuna sababu ya pili ya kupeleka mwanga mweupe chini, na Ziwa Victoria linaieleza vizuri kuliko bahari yoyote. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari husema kwamba maji hula rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo weka kichujio chekundu mbele ya lenzi ili kuirudisha. Ni kweli katika maji safi ya chumvi. Katika maji yenye tope na mwani mambo hugeuka: rangi ya samawati ndiyo inayotoweka mapema, na kinachobaki ukienda chini ni kijani, njano na wekundu kidogo. Kichujio chekundu Karungu hukupunguzia mwanga uliokuwa mchache tangu mwanzo na hakikupi chochote badala yake. Ni mfano mzuri wa ushauri sahihi unaoharibika kwa kuhamishwa.

Na rangi hapa si pambo. Watafiti wakiongozwa na Ole Seehausen walionyesha mwaka 1997, katika jarida la Science, kwamba samaki wadogo wa jamii ya fulu huchaguana kwa rangi wakati wa kuzaliana. Kazi yao ya baadaye, iliyochapishwa mwaka 2008, ilitazama samaki wawili wa visiwa vya Ghuba ya Mwanza: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la samawati na huishi maji ya juu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Mahali penye maji angavu, spishi hizo mbili hubaki zimetengana. Mahali palipochafuka, jike hawezi kutofautisha, na samaki hao huchanganyika hadi mpaka kati yao unafutika. Uchafu wa maji, pamoja na mbuta, yaani sangara, walioletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, umelipotezea ziwa spishi za fulu zinazokadiriwa kuwa karibu mia mbili. Picha ya fulu iliyopigwa kwa mwanga wa juu ya maji itakupa samaki wa kijivu na kijani asiyetambulika. Flashi iliyo karibu, ikiwaka sentimita ishirini kutoka kwake, huleta rangi zake zote, kwa sababu mwanga mweupe umesafiri maji kidogo sana kwenda na kurudi. Kwa mtu anayetaka kujua ni samaki gani waliobaki kwenye miamba ya Karungu, tofauti hiyo ni kati ya kumbukumbu na picha isiyo na kazi.

Basi, vifaa hivi huunganishwa vipi? Msingi ni kamera ndogo inayoweza kulenga kitu kilicho karibu sana. Kwa mfano OM System TG-7, iliyotoka mwaka 2023, hulenga kitu kilicho sentimita moja tu kutoka kwenye lenzi na huvumilia maji hadi mita kumi na tano bila kasha. Ghuba ya Karungu haidai kina kikubwa, na mtu anaweza kusema kasha ni anasa. Lakini kamera peke yake ikigonga mwamba au kuingia mchanga kwenye kifuniko cha betri, imekwisha. Kasha hupokea kipigo kwanza, na ndilo linalobeba skrubu ya trei na tundu la waya wa flashi. Uhai wa kasha uko kwenye oringi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa mlango. Itoe kwa vidole, usitumie kitu chenye ncha. Ipitishe kati ya vidole ukisikiliza kama kuna mchanga, unywele au mkwaruzo, ufute mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha upake grisi ya mtengenezaji kidogo tu, mpaka pete ing'ae bila kuonyesha utelezi. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuiruhusu pete ijikalie vizuri inapobanwa, na ikizidi huvuta uchafu. Mafuta ya kujipaka mwilini yasikaribie hapo, maana yanaweza kuvimbisha na kuharibu mpira wa aina fulani. Kisha funga kasha likiwa tupu, ndani umeweka karatasi ya shashi, ulizamishe kwenye beseni kwa robo saa. Watu wengi huogopa kina, kumbe kasha huvuja zaidi karibu na uso wa maji, kwa kuwa chini shinikizo lenyewe huubana mlango dhidi ya pete. Beseni kwa hiyo ni jaribio la kweli. Likitoka kavu, tia kamera na kifuko cha silika, na ufunge asubuhi kukiwa na ubaridi, kwani hewa ya joto na unyevu ya mchana wa ziwani ikifungiwa ndani hugeuka ukungu kwenye kioo cha mbele.

Trei hufungwa chini ya kasha kwa skrubu, na katikati huwekwa kipande cha mpira ili kasha lisizunguke. Upande mmoja, ukipenda pande zote mbili, husimama mpini wa kushikia, na juu ya mpini kuna kifundo cha mviringo. Kibano hukamata kifundo hicho pamoja na kile cha mkono, kibano cha pili huunganisha mkono wa pili, na mwisho wake hukaa flashi. Mikono miwili mifupi ni bora kuliko mmoja mrefu, maana kiwiko kilichopo kati yake huruhusu flashi kuletwa juu ya lenzi kwa samaki wa sentimita tatu, au kurushwa pembeni kabisa kwa wavu wa kizimba. Kaza vibano kiasi cha kushika lakini viweze kusogezwa kwa mkono ndani ya maji. Flashi moja inatosha kuanzia. Iwe nyuma kidogo ya mstari wa kioo cha kasha, iangalie mbele au nje, isimtazame samaki moja kwa moja. Anayeanza huielekeza kwa samaki kwa sababu ndivyo macho yanavyotaka, na hapo anajirudishia madoa aliyoyakimbia. Kumbuka pia kwamba maji matamu hubeba vitu kwa nguvu ndogo kuliko ya chumvi. Vifaa vyenye ujazo wa lita tatu vitakuwa vizito ziwani kwa gramu sabini na tano hivi kuliko baharini, kwa hiyo maelea yaliyopimwa kwa ajili ya Malindi hayatatosha hapa.

Flashi hupata amri kupitia waya wa faiba: mmweko wa kamera husafiri ndani ya waya huo, na flashi ikiuona huwaka. Mmweko wa kamera uzibwe usitoke mbele, la sivyo utamulika zilezile chembe. Kamera nyingi hutoa mmweko mdogo wa kupimia kabla ya ule halisi, na flashi isiyopangwa kuutambua itawaka mapema na kuacha picha gizani. Baada ya hapo acha vifaa vijipimie mwanga vyenyewe, au upange kwa mkono ukianza na nguvu ndogo. Ukikaribia kama inavyotakiwa, nguvu ndogo itatosha.

Pingamizi la kwanza ni la bei nafuu: kwa nini usitumie tochi ya kuzamia, ambayo inakuonyesha unachopiga kabla ya kupiga, na inafaa kwa video pia? Nalikubali nusu. Tochi iliyofungwa kwenye mkono uleule itapata faida ileile ya pembeni, na kwa video hakuna njia nyingine. Lakini wavuvi wa omena wa Karungu wanajua tochi hufanya nini usiku. Taa zao, zamani za karabai na sasa za sola, hutandazwa juu ya maji kwa sababu mwanga unaodumu huvuta wadudu wa ziwa, na wadudu huvuta omena. Taa inayowaka dakika kumi mbele ya lenzi hukusanya wingu la viumbe vidogo mbele ya kile ulichokuja kukitazama. Flashi huwaka na kuzimika kabla ya kiumbe yeyote kugeuka. Zaidi ya hayo, mmweko wake ni mkali kiasi kwamba samaki anayekimbia huganda kwenye picha, jambo ambalo tochi ya kawaida haiwezi kulifanya bila kuruhusu mtikisiko.

Wengine husema programu za kompyuta na simu zitaondoa madoa na kurudisha rangi. Programu inaweza kusogeza rangi iliyopo. Haiwezi kurudisha mwanga wa samawati uliokwisha kumezwa na maji kabla ya kufika kwa samaki, na inapofuta madoa mia tatu juu ya magamba huyajaza kwa kubuni. Kwa picha ya kupamba ukuta huenda hilo ni dogo. Kwa picha ya kumtambulisha samaki, au ya kuonyesha ugonjwa kwenye pezi, ni uongo, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Pingamizi zito zaidi linauliza picha hizi zinamsaidia nani, katika maji ambamo watalii hawaji kuzamia. Jibu langu ni vizimba vya samaki, vilivyoenea katika mwambao wa Migori na Homa Bay ndani ya miaka michache iliyopita. Mfugaji wa sato kwenye kizimba hajui hali ya wavu wake mpaka aunyanyue, na kuunyanyua humsumbua samaki na kumchosha mtu. Tundu la ukubwa wa ngumi, mwani ulioziba macho ya wavu na kuzuia maji mapya, samaki waliokufa na kulala sakafuni: yote haya yapo ndani ya mita chache, na picha ya karibu yenye mwanga wa pembeni huyaonyesha. Wataalamu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walioko Kisumu wanaweza kuitazama picha hiyo siku hiyohiyo. Kuna pia nyavu zilizopotea chini zinazoendelea kunasa bila mwenyewe, na mazalio ya ngege na fulu, ambayo vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekwa chini ya kanuni za mwaka 2007, vina wajibu wa kuyalinda. Ni vigumu kulinda pasipoonekana.

Hatari ni suala jingine, na sitalipunguza. Karungu ina mamba na viboko, na maji ya ufuoni yana kichocho. Mifupa ya kale ya Karungu, iliyomleta Felix Oswald kuchimba mwaka 1911, ilikusanywa kabla yake na ofisa wa kikoloni aliyeitwa Pigott, ambaye aliuawa na mamba ziwani. Kwa hiyo sishauri mtu yeyote aingie majini na kamera katika ghuba hii kwa ajili ya picha. Na hapa trei inaonyesha faida ambayo kamera tupu haina: ina mashimo ya skrubu, na inafungika kwenye nguzo. Fimbo ya aluminiamu ya mita tatu, iliyoshikwa na mtu aliyekaa ndani ya mashua au kwenye daraja la kizimba, huteremsha kasha, mkono na flashi pamoja. Usitegemee simu kuiendesha kamera kwa mawimbi ya redio, kwa sababu maji huyameza ndani ya sentimita chache. Ipange kamera ijipige yenyewe kwa vipindi, na kipindi kiwe kirefu kuliko muda wa flashi kujijaza tena, sekunde tano kwa mfano, la sivyo nusu ya picha zitakuwa nyeusi. Pima umbali kwa kufunga mbele ya trei kijiti cha sentimita ishirini na tano. Kijiti kikigusa wavu, umefika.

Limebaki suala la fedha, ambalo watu hulitaja kwanza. Flashi na kasha ni vya kununua, hakuna njia ya mkato salama. Lakini trei ni bapa la aluminiamu lenye matundu manne, mpini ni bomba lenye mpira wa baiskeli, na nguzo ni nguzo. Fundi wa jua kali wa Sori au Homa Bay anayetengeneza fremu za madirisha anaweza kuvitoa vyote kwa siku moja akipewa vipimo vya skrubu. Kinachotakiwa kununuliwa katika upande huo ni vifundo na vibano, kwa sababu vikilegea ndani ya maji flashi huanguka. Wala si lazima kila mfugaji awe na seti yake. Seti moja chini ya kikundi cha ufuo, ikiwa na mtu mmoja mwenye dhamana ya oringi, inaweza kukagua vizimba vyote vya ufuo huo kwa zamu. Kila picha iandikwe tarehe, kina na namba ya kizimba, na seti ioshwe kwa maji safi ya kisima kila jioni kabla mchanga haujakauka kwenye vibonyezo. Msimu bora wa kuanza ni ukavu, Kuja ukiwa umeshuka, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujavuruga tope la chini.